Ndevu za Upande Mmoja

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea na zile shikamoo zangu zote ulizozikwepa, maana kila nikipiga simu dada ananiambia umelala. Tangu lini wewe ukalala mchana? Mtu ambaye hata homa ilikuwa ikija inakukuta umesimama nyuma ya kiti cha mteja! Nimeona simu haitatufikisha popote, na sauti yangu yenyewe bado inakwaruza, kwa hiyo nimeomba karatasi kwa msimamizi wangu nikuandikie kama zamani.

U hali gani? Goti linasemaje siku hizi za baridi? Na yule mpangaji wa chumba cha uani, bado anaimba akioga? Mwambie huku ninamkumbuka, ingawa sauti yake siikumbuki kwa hamu. Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, ninacheka, na kazini nimesharudi. Sikuandika hivyo kwa kukuridhisha. Utaona mwenyewe mbele ya safari kwamba barua hii haikuja kukuridhisha. Vaa miwani yako, kaa mahali penye mwanga, na usome mwenyewe. Dada akikuomba akusomee mwambie kwa leo hapana. Nitamwandikia ya kwake.

Dada amenieleza kwamba umefunga duka. Anasema wateja unawaambia macho yamechoka, halafu unaingia ndani, unajifungia, na kukaa kwenye lile benchi lao, huku mashine na mikasi imefunikwa taulo. Mmoja alichungulia dirishani akadhani unamngoja kinyozi. Dada alinisimulia huku akicheka, lakini mwishoni kicheko kikamkatikia njiani, nami nikajua ameshindwa. Ninajua kwa nini umefunga, Baba. Ndiyo maana ninaandika.

Ngoja nianze mwanzo, maana wewe umesimuliwa vipande vipande na mwenye kusimulia alikuwa akikuonea huruma.

Unakumbuka nilikwambia kwamba hapa hotelini nimepewa kazi nyingine. Nilikuwa kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, kwenye mvuke na ngurumo za mashine, mahali ambapo mtu akitaka shuka anaonyesha kwa mikono na akitaka kugombana inabidi atoke nje. Wakaona mimi ni mwaminifu, wakanipandisha. Nikawa napeleka nguo za wageni vyumbani, zimenyooshwa na kufunikwa vizuri. Ila huko juu wana sharti lao: anayeonana na wageni hafugi ndevu. Msimamizi akaniambia ninyoe zote, kidevu kiwe kama cha mtoto mchanga.

Ningekuja kwako, kama ninavyokuja kila mwisho wa mwezi. Unajua ndevu hizi hazijawahi kuguswa na mkono mwingine. Lakini walinitaka kesho yake asubuhi, kwa hiyo nikaingia kwa kinyozi wa mtaa wa nyuma ya hoteli, mtu mnene mwenye redio kubwa. Niliona haya kukaa kwenye kiti chake, kana kwamba ninakuibia. Akanifunga kitambaa shingoni, akanizungukia mara moja, akanizungukia tena, kisha akauliza aliyeninyoa mara ya mwisho ni nani. Nikasema baba yangu, tena kwa kujidai. Akasema baba yangu ana mkono, jambo hilo halina ubishi, lakini mbona ameninyoa upande? Kulia ameacha nene hadi kwenye sharafa, mbele ya sikio, na kushoto amezipunguza chini kwa chini, zikazidi kuwa nyembamba kadiri zinavyokaribia pembe ya taya. Nikamjibu kwamba labda yeye ndiye asiyejua mitindo. Akacheka, akawasha mashine.

Alipomaliza upande wa kulia alikuwa bado anacheka na redio yake. Alipofika kushoto akazima mashine. Akazima na redio. Akaniuliza, kwa upole ambao sikuutegemea kwa mtu wa sauti ile, kama nina jino linaloniuma. Nikasema sina. Akageuza kiti kwenye kioo.

Baba, sikuijua sura ile. Shavu la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limejaa kama la mtu aliyebana yai. Nilipolishika lilikuwa gumu, mfupa mtupu, wala haliumi. Nilikaa pale hadi yule bwana akaniletea maji. Sikumlaumu mtu yeyote saa ile, sikuwa na akili ya kulaumu. Nilichowaza ni kwamba nitapandaje lifti na nguo za wageni nikiwa hivi. Akili ya binadamu inajua kuchagua mambo ya kipuuzi.

Hospitali walinipiga picha. Daktari wa mataya ni mama mfupi mwenye mikono midogo, anaongea taratibu kama anayemfundisha mtu kushona. Alinionyesha kwenye picha: mfupa wa taya umetobolewa ndani vyumba vyumba, kama sega la nyuki. Akasema ni uvimbe unaotokana na chembe zinazotengeneza meno. Chembe hizo zilipaswa kumaliza kazi zamani na kulala, lakini wakati mwingine baadhi yake huamka na kuanza kujenga bila kuulizwa. Walikata kinyama kidogo wakapima, majibu yakasema si saratani. Nilifurahi hadi nikataka kumkumbatia. Akaniomba nisifurahi haraka. Uvimbe huu ni mpole kwa sura tu. Hauumi, hauna haraka, lakini unakula mfupa miaka nenda miaka rudi, na ukiachwa, mara chache, unaweza kubadilika ukawa saratani. Ukikwanguliwa juu juu unarudi. Kwa hiyo alitaka kuutoa pamoja na mfupa ulioushika, na kuchukua mfupa mwingine mguuni, ule mwembamba wa pembeni ambao akasema mtu anaweza kuishi bila huo, anitengenezee taya jipya.

Nilimuuliza kama nitaanza kutembea kwa kutumia kidevu. Hakucheka. Nadhani wengi wameshamuuliza.

Hapo ndipo nilipomwita dada, na hapo ndipo tulipokwambia ni jino. Nisamehe kwa hilo. Dada alipokuja kuniuguza alijikaza kisabuni siku zote zile. Nilipozinduka nikamkuta ananichapa mkono taratibu akiniambia nisiseme. Nilikuwa na mpira puani, mpira shingoni, mguu umefungwa kuanzia gotini, na uso umevimba hadi dada anasema alinitambua kwa masikio. Nilinyweshwa supu kwa bomba la sindano kama kifaranga. Mdomo wa chini, upande wa kushoto, umekufa ganzi hadi leo. Mchuzi ukinitiririka sijui, mpaka nione watu wananitazama kwa adabu. Siku hizi natembea na kitambaa mfukoni.

Sasa sikiliza hili, maana nimelihifadhi kwa ajili yako peke yako. Walipochukua ule mfupa wa mguuni waliuchukua pamoja na kipande cha ngozi yake, wakakishonea ndani ya mdomo kuziba pengo. Na ngozi ya mguu, Baba, ni ngozi ya mguu. Haijui kwamba imehamishwa. Baada ya wiki kadhaa nikawa nahisi kitu kinanitekenya ulimi. Nikaenda kwenye kioo na tochi. Nywele! Nimeota nywele za mguu mdomoni! Mimi mtoto wa kinyozi, nimeota nywele mahali ambapo kinyozi yeyote hafiki. Nilicheka hadi mishono ikanikemea. Nikatamani niwe na wewe pale, nikuone ukitafuta mkasi wa kutosha.

Kazini wamenirudisha chini kwenye mashine, na niliomba mwenyewe. Kule kwenye ngurumo hakuna anayejua kama herufi zangu zimekaa sawa, sote tunaongea kwa mikono. Yule mama wa pasi, ambaye zamani hakuwa akinisemesha, sasa kila siku ananikunjia shuka zangu za mwisho ili niwahi kupumzika. Amenipa jina, ananiita Taya Jipya. Nimelipokea.

Hayo ndiyo mambo yangu. Sasa tuje kwako.

Dada anasema alipokueleza ukweli, kwamba halikuwa jino, hukuuliza kama nitapona wala kama inauma. Uliuliza upande gani. Akasema kushoto. Ukainuka ukaenda uani, na kesho yake hukufungua duka. Yeye hakuelewa. Mimi nilielewa hapo hapo, kwa sababu yule kinyozi mnene alikuwa ameshanieleza bila kujua anachonieleza.

Nilikumbuka siku ile dukani. Benchi lilikuwa limejaa, mimi niko kwenye kiti, na fundi viatu, yule asiyeweza kukaa kimya, akasema mbona kijana anaficha pipi shavuni, anawanyima hata wazee? Benchi zima likavunjika mbavu. Na mimi nilicheka, lakini uliniona kwenye kioo nikiwa ninacheka, na wewe ndiye uliyenizaa. Uliniambia nikae vizuri, nisitikisike. Ukafanya kazi muda mrefu kuliko kawaida. Ulipogeuza kiti uso wangu ulikuwa sawa pande zote mbili, na fundi viatu akasema kumbe ilikuwa taa tu inamdanganya macho. Mimi pia nikaamini hivyo. Nikaamini labda ufizi ulikuwa umevimba ukanywea wenyewe.

Toka siku hiyo uliendelea. Kila mwisho wa mwezi uvimbe ukiongeza kidogo wewe unapunguza kidogo, unaongeza kule unatoa huku, na mimi naondoka kwako nikijiona bwana harusi. Kuna jambo nilikuwa sijalitilia maanani hadi nilipolala wodini nikitazama dari. Wateja wako wote, ukimaliza, unawashikia kile kioo cha mkono nyuma ya kichwa, unawaonyesha kushoto, unawaonyesha kulia, wanatikisa kichwa, ndipo unawafungua kitambaa. Mimi tangu siku ile ulinionyesha kulia tu.

Kwa hiyo ninajua, Baba. Na ninajua kwamba unajua. Sitakwambia hukukosea, maana nikisema hivyo utaona ninakutengenezea ndevu na wewe. Ulikosea. Ulipaswa kunishika shavu na kuniambia mwanangu, hapa pana kitu, nenda ukaonekane. Lakini ninakujua vilevile. Tangu mama atutoke hujawahi kutuambia pole kwa mdomo. Dada alipoachika ulimsuka nywele, wewe mwanaume mzima, mbele ya majirani. Mimi watu waliponicheka ukanipa uso ambao hawawezi kuucheka. Ulidhani ni jino linapita na taya langu litarudi lenyewe, na ulitaka tu kusiwe na mtu wa kunisumbua hadi hapo. Nimeligeuza jambo hili kila upande, nikatafuta hasira ndani yake nikaikosa. Nilichokipata ni hamu ya kuja kwako.

Na ningeishia hapo, Baba, nikutumie salamu nifunge bahasha. Ningekuwa nimekuridhisha, na ungefungua duka. Lakini kuna jambo ambalo dada halijui, kwa sababu alikuwa ameshaondoka, na nilimdanganya kwamba ninaenda kusafisha kidonda.

Ule mfupa walioutoa ulipelekwa wote kupimwa, si kinyama kidogo kama mara ya kwanza. Daktari akaniita, akafunga mlango, akavuta kiti chake hadi upande wangu wa meza. Akasema sehemu kubwa ni kama walivyodhani. Ila kwenye pembe moja, kule nyuma karibu na sikio, ulikuwa umeanza kubadilika. Kona hiyo ilikuwa saratani.

Kaa kwanza, Baba. Usiende uani. Soma hadi mwisho.

Akasema wameitoa, na mfupa wa pembeni yake ulikuwa safi. Akasema ni ndogo, na imeonekana mapema kwa kiasi chake, lakini hataki kubahatisha, kwa hiyo nipigwe mionzi. Nikapigwa, wiki baada ya wiki, peke yangu, nikitoka huko ninakwenda moja kwa moja kwenye mashine za kufulia. Shingo iliungua ikawa nyeusi, mate yakakauka, chakula kikawa kama karatasi. Sikumwambia mtu kwa sababu najua habari ingefika kwako, na niliogopa itakumaliza. Nilikaa na kalamu mara nyingi nikiandika barua nzuri isiyo na kona hiyo. Kila nikiisoma naona ninachofanya: kulia ninaacha nene, kushoto ninapunguza chini kwa chini. Nimekuwa mwanao kwelikweli. Nikazichana zote. Sitaki tufichane tena kwa kupendana, mimi na wewe. Ninaogopa, Baba. Nimemaliza mionzi, picha ya mwisho ni safi, daktari anatabasamu akiniona, na bado ninaogopa, na mtu ninayetaka kumwambia kwamba ninaogopa ni wewe.

Kuna na jingine, na hili ni kazi. Daktari amesema uvimbe wa aina hii unaweza kurudi hata baada ya miaka mingi, kwa hiyo nitakuwa ninakwenda kupigwa picha maisha yangu yote. Katikati ya picha na picha, anataka nishikwe taya na shingo mara kwa mara: chini ya kidevu, pembe ya taya, nyuma ya sikio, kushuka hadi kwenye mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Kikionekana kitu kigumu ambacho hakikuwepo, hata kiwe kidogo kama punje, hata kisiume, nisingoje tarehe, niende siku hiyo hiyo. Alinifundisha kwa vidole vyangu mwenyewe. Lakini vidole vyangu vimeungua na mvuke na sabuni miaka mingi, na upande wa kushoto wa uso wangu haujisikii. Nilibonyeza nikasema sijui ninashika nini. Akaniuliza kama nina mtu nyumbani mwenye mkono mwepesi ambaye anaweza kunishika vizuri bila haraka. Nikamwambia ninaye mtu ambaye ameujua uso wangu tangu haujaota unyoya, na ambaye aliligundua jambo hili kabla ya mtu yeyote duniani. Akashangaa, akauliza kwa nini basi sikuja mapema. Nikamwambia ni hadithi ndefu, lakini safari hii atasema.

Utasema, Baba?

Ninakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Nikuandae: kidevu kimepinda kidogo kushoto, kuna mshono kuanzia chini ya mdomo hadi nyuma ya sikio, na ninachechemea kidogo kwa ule mguu uliotoa mfupa. Mionzi imekausha shamba la kushoto, ndevu haziotei tena upande huo. Hata zile nywele za mdomoni imeninyolea bure, sehemu ile ambayo hata wewe usingeifikia. Lakini kulia zimeota, nyingi, vurugu tupu. Sijamruhusu mtu kuzigusa. Abiria watanitazama, na watazame.

Nataka nikute duka liko wazi na taulo limeondolewa kwenye mashine. Fundi viatu akiwepo kwenye benchi mwache akae, nina majibu yake. Unifunge kitambaa, uniambie nikae vizuri. Kisha nyoa zote, Baba. Usisawazishe kitu. Ukimaliza unishike taya taratibu, pande zote, kama daktari alivyosema, na uniambie kwa mdomo wako ulichokishika. Halafu chukua kile kioo cha mkono, unionyeshe kulia, unionyeshe na kushoto.

Msalimie sana dada, umwambie barua yake inafuata na asinune. Msalimie mpangaji. Lipashe goti lako moto kabla ya Ijumaa, maana nitakuhitaji umesimama.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Mteja wako wa bure